Erli, Binti na malisho ya saa moja: riviu ya kitabu kisicho na kava

Nianze na aibu yenyewe, jina la kitabu silijui. Nlikinunua kwa kaka mmoja atandazaye turubai la vitabu vya mtumba pande za Mwembe Tayari, kava imeng'oka, peji nne za mwanzo hazipo, na mgongo umepakwa gundi nyeupe ya maseremala, ukikifungua sana chalia kama mlango wa kabati. Nkamuuliza hiki chaitwaje, akanambia "dadangu hicho ni mapenzi ya Wazungu wa zamani, wale wa magari ya farasi, leta mia mbili." Nkampa mia na hamsini. Kwa hivyo mtu asiniulize jina wala mwandishi, siwezi kukusaidia, lakini nimekisoma siku tatu, foleni ya feri ya Likoni kwenda na kurudi, na usiku mmoja stima zikapotea nkamalizia kwa tochi ya simu, na nimeona nikinyamaza ntapasuka.

Aina yake mwaijua. Wawili waanza kwa kuchukiana waishia kuoana, tena makabaila wa Uingereza, tena miaka ile ya Rijensi, yani 1811 hadi 1820, mfalme George wa Tatu alipougua akili na mwanawe ndiye akashika nchi kwa niaba yake. Mie riwaya hizi nazisoma tangu sekondari, tukikopeshana chini ya dawati, na kuna kitu kimoja nshachoka nacho: ugomvi usio na kichwa wala miguu. Mara ngapi wawili wachukiana peji mia tatu kwa sababu jamaa alikataa kucheza naye dansi, au mmoja alisikia nusu ya maneno nyuma ya pazia, na wangekaa dakika tano wakaulizana kitabu kingeisha peji ya 40. Huo si uadui jamani, huo ni mtandao mbovu.

Hiki hapana. Hawa wagombania ardhi. Na mtu wa Pwani ukimtajia ugomvi wa ardhi hapo ushamkalisha kitako, hata chai itapoa.

Mambo yenyewe ni haya (mwisho ntaugusa, kwa sababu ndiko iliko kasoro, lakini ntawaonya tukikaribia). Majina ya wahusika ni marefu kama treni ya mizigo kwa hivyo mie nawaita Erli na Binti. Erli ni cheo cha tatu kwa mamwinyi wa Uingereza, juu yake kuna Markwisi na juu kabisa Duki, chini yake Viskaunti kisha Baroni. Huyu bwana hakuzaliwa kurithi. Alikuwa mtoto wa pili, na kule mali haigawanywi kama kwetu, wa kwanza wa kiume ndiye azoaye zote, wadogo zake wapelekwa jeshini au kanisani. Basi yeye alikwenda jeshini, akapigana Waterloo Juni 1815, akarudi akakuta kakake amekufa bila mtoto, cheo chake, majumba yake, na madeni. Madeni ndiyo mengi. Wakili akamwambia njia ya haraka ya pesa ni moja tu, azungushie ua malisho ya kijiji, kisha ayakodishe kwa mkulima mmoja tajiri.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu ndipo kitabu kiliponishika. Hayo malisho kisheria mwenye shamba kuu ndiye mwenye ardhi, lakini watu wa kijiji wana haki juu yake, wengine kulisha ng'ombe, wengine kukata kuni, wengine kufuga bata, na haki hizo zatoka enzi za mababu. Ili kuziondoa mwinyi alipeleka mswada Bungeni, Bunge likapitisha sheria ya mahali hapo tu, wakateuliwa makomishna, wakapima, wakagawa, ua wa miiba ukapandwa na mambo yakawa yamekwisha. Na si kijiji kimoja. Baina ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za namna hiyo, ikaingia ardhi ya kama moja ya tano ya Uingereza yote. Mimi riwaya hizi nimesoma labda mia mbili, mashamba mazuri mazuri, bustani, vidimbwi vya samaki, sijawahi kuona hata moja ikiuliza kabla ya bustani hapo palikuwa na nini.

Binti naye babake alikuwa Baroni, amefariki, cheo kimekwenda kwa binamu, yeye na mamake mjane wamehamishiwa kijumba ukingoni mwa malisho. Kijumba hicho kina haki ya ng'ombe wawili. Wawili! Maisha yao yote, maziwa, siagi ya kuuza, heshima yao mbele ya wajakazi, yamesimama juu ya ng'ombe wawili, na mwandishi amewapa wale ng'ombe tabia zaidi ya alivyowapa wajomba wa Erli, mmoja mkorofi mmoja mpole, mpaka nkawapenda.

Wakutana mlango wa kanisa. Sheria ilitaka tangazo la mswada libandikwe pale watu walione, na siku hiyo karani wa wakili ni mgonjwa, basi Erli amechukua nyundo na kuandika tangazo na kulipigilia mwenyewe. Binti amkuta yuwapigilia, amdhani ni karani, amshukia kwa maneno. Ati watu wa namna yako ndio mnaouza mama zenu kwa posho, ati mwandiko wenyewe wa kuku. Erli asimama na misumari mdomoni hawezi hata kujibu. Angeitoa misumari akasema mimi ndiye Erli, lakini hasemi, ainua kofia aenda zake. Leso za Mombasa zina jina lake hilo, mdhaniaye ndiye kumbe siye.

(Hapa shangazi yangu, ambaye ntamleta baadaye, alikasirika. Yeye amefanya ukarani kwa mawakili miaka na miaka kabla ya kustaafu. "Kumbe karani si mtu? Akitukanwa karani sawa, akitukanwa mwinyi ndio makosa?" Na kweli Binti haombi radhi kwa makarani kitabu kizima.)

Sasa barua. Wallahi barua ndizo zilizofanya abiria wote wakashuka feri mie bado nimesimama nimejishika chuma. Erli akiwa London kikaoni kwa Malodi, yani baraza la mamwinyi Bungeni, waandikiana kuhusu mipaka ya malisho, na kila barua yaanza kwa heshima na yamalizika kwa "mtumishi wako mtiifu" na katikati ni visu vitupu. Matusi hakuna hata moja. Ni ile sanaa ambayo sisi huku twaijua vizuri sana, kumvua mtu nguo huku wamwambia karibu kiti, jirani akupitia mlangoni na leso yenye jina na hakusema neno, na weye waingia ndani kulia. Binti aandika kwamba amefurahi kusikia Erli ana afya njema kwani itakuwa hasara kubwa kwa wanaomdai. Erli ajibu kwamba ameisoma barua yake mara mbili, mara ya pili akitafuta hoja. Mwenye kitabu wa kwanza, sijui ni nani, amepigia mstari makombora yote kwa kalamu ya kijani na pembeni amechora vimoyo, na mie nliishia kusubiri kijani kama mtu asubiriye goli.

Na kuna kichekesho cha posta ambacho ni cha kweli kabisa. Zamani hizo stempu hazikuwepo, zilianza 1840. Aliyelipa ni mpokeaji, tena kwa umbali na idadi ya karatasi, ndio mana watu waliandika mistari ya ulalo wakageuza karatasi wakaandika ya wima juu yake ili kuokoa. Yani ni kama ile simu ambayo mpigiwa ndiye akatwaye pesa. Basi Binti aona hapa nimempata, ntamfilisi, aandika karatasi sita, ndani atia kitawi cha miiba ya ule ua. Wiki baada ya wiki. Aja kujua peji ya 131 kwamba Malodi na wabunge barua zao zapita bure, za kutuma na za kupokea, ilikuwa ni haki ya cheo. Erli hakulipa hata senti. Na ili barua yake ipite bure ilibidi aandike jina lake na tarehe juu yake kwa mkono wake mwenyewe, na ndio Binti alipoutambua ule mwandiko wa kuku wa mlango wa kanisa. Nlifunga kitabu nkacheka peke yangu, mama mmoja mwenye kapu la maembe akasogea mbali nami.

Sehemu ya London ntaipita haraka kwa sababu hata mwandishi naona alitamani kuipita. Wapelekana Almack's, ile klabu ya dansi ya Jumatano ambapo wakubwa wa kike wachache ndio waliokuwa wakiamua nani apewe kadi ya kuingia na nani anyimwe, na ukinyimwa umekwisha mjini. Vazi, dansi, wivu, shangazi mwenye kipepeo cha kujipepea. Nlichokipenda ni chakula peke yake, kwani pale kwa kweli walikuwa wakitoa vipande vyembamba vya mkate na siagi na sharubati ya ndimu. Makabaila wazima! Thubutu ufanye harusi Kibokoni uwape watu mkate na siagi, utaimbwa mpaka kwa wajukuu.

Kitabu charudi na nguvu wakirudi kijijini, 1816. Mwaka huo Ulaya haikuona kiangazi, mvua na baridi mpaka Agosti, mavuno yakaoza, bei ya mkate ikapaa. Leo twajua sababu kubwa ni volkano ya Tambora kule Indonesia iliyolipuka Aprili 1815 ikajaza anga vumbi, lakini mwandishi hajaitaja hata mara moja, kwa sababu wahusika wake hawangejua, na hiyo mie naihesabu ni adabu ya kazi. Vyengine vingemleta mtaalamu aje atoe lekcha katikati ya dansi. Hapa watu watazama mbingu tu na kuuliza Mungu amekasirishwa na nani. Zaja habari za ghasia za njaa Littleport na Ely, Mei hiyo, na wanaume watano walionyongwa Juni, ambayo ni kweli ilitokea, na Binti amuandikia Erli barua ya mstari mmoja tu, kumuuliza ua wake yeye wahesabu utagharimu wangapi. Hiyo haina kijani pembeni. Nadhani mwenye kalamu alinyamaza kama mie.

Kisha ile sura ya mtaro. Makomishna washapima, vibarua washachimba mtaro wa kupandia ua, mvua yapiga usiku, na ng'ombe mpole (kwa nini siku zote ni mpole) aanguka mtaroni. Binti na mtoto wa jirani wavuta kamba, hawamuwezi. Erli atokea bila koti, hakuna farasi, hakuna maneno mazuri, aingia mtaroni matope mpaka kifuani, wavuta mpaka alfajiri. Ng'ombe afa. Binti akaa chini palepale. Na huyu bwana ambaye kwa peji mia mbili ana jibu la kila kitu, asema maneno matatu tu: "Mtaro ni wangu." Hasemi pole, hasemi ntakulipa. Hapo ndipo Binti amtazama mara ya kwanza kama mtu. Mie nlilia, na sioni haya, nlikuwa juu ya tuktuk na dereva akaniuliza kama kuna msiba.

Ndio mana nasema uadui ukiwa na kitu ndani yake, mapenzi nayo yawa na kitu. Binti hakumpenda kwa sababu kumbe alikuwa mzuri siku zote. Erli alikuwa kweli amemfanyia ubaya, na akasema.

Mambo ya chumbani yapo peji ya 288 mpaka 301, ukiwa kwenye matatu na mtu wa pembeni ana macho marefu ruka. Si machafu, lakini ni marefu, na vifungo vya ile nguo wallahi nlivihesabu vikanishinda.

Kasoro ndogo ndogo kwanza. Mara mbili mtumishi amwita Erli kwa tamko la heshima ambalo kwa mamwinyi ni la Maduki peke yao, na mtu aliyejua habari za posta kiasi kile hakufaa kukosea hapo. Wanakijiji hawana majina, kuna "mzee mwenye bata" na "mjane wa pili" na "mtoto wa jirani", walia, washukuru, basi. Watu ambao ndio wanaonyang'anywa! Na kuna sentensi moja, nusu sentensi, kwamba mjomba wa Erli alikuwa na mashamba ya sukari Jamaica, kisha twarudi kwenye chai. Hebu ngoja. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807 lakini utumwa wenyewe kwenye makoloni yake uliendelea, sheria ya kuufuta ni ya 1833, na fidia ya pauni milioni 20 walilipwa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Kwa hivyo 1816 hiyo sukari kwenye chai ya Binti yatoka wapi na yeye ndiye mtetezi wa wanyonge? Sisemi hivi kana kwamba sie huku tuko safi, nani apitaye Kengeleni akiitazama ile kengele asijue Frere Town ilijengwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na biashara hiyo ilikuwa yapita bandari gani. Nasema tu mwandishi aliufungua mlango mwenyewe kisha akaufunga haraka.

Nlilotaka kulisema hasa ni la mwisho. Asiyetaka kuharibiwa uhondo aruke aende aya ya mwisho.

Makomishna walipokuja walitaka kila mwenye haki alete madai yake kwa maandishi na ushahidi. Mzee mwenye bata hajui kusoma, ushahidi wake ni kwamba babake na babu yake walifuga bata pale. Hakupata kitu. Hii sura nliisoma polepole. Hapa kwetu mwambao ilikuja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, Mwingereza akasema mwenye dai alilete liandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya serikali yake, na mpaka leo kuna watu Pwani waitwa maskwota pale walipozikwa babu zao. Mie mwenyewe utotoni kulikuwa na njia upande wa Shanzu twapita kwenda baharini kuokota vijitu vya kamba na chaza, siku moja tukakuta ukuta na askari mwenye rungu, hatukuulizwa tuna barua. Kwa hivyo nlijua kabisa yule mzee yuwaonaje akiutazama ule ua.

Basi mwisho Erli apata malisho yote kisheria, na kwa sababu sasa ampenda Binti, amfanyia sapraizi. Siku ya harusi saa tatu asubuhi amkabidhi hati, malisho yote kwa jina lake, akiahidi ua utang'olewa. Saa nne waingia kanisani waoana. Kengele zalia, bata warudi, mwisho. Kijani peji nzima, vimoyo vinne.

Mie nlifurahi. Kweli nlifurahi, nkaenda jioni kwa shangazi Makadara na kaimati, nkamsimulia yote barazani, mpaka hapo kwenye hati. Akatia kikombe chini. "Mwanangu, kaandikiwa kwa wadhamini au kwa jina lake?"

Nkamwambia kwa jina lake.

"Na mwaka gani umesema?"

Nkamwambia 1816. Akacheka mpaka akakohoa.

Manake sheria yao ya wakati huo mwanamke akiolewa yeye na mumewe wahesabiwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mume. Pesa yake, vito vyake, mishahara yake, vyote vyawa vya mume. Ardhi yake mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mke, lakini kuisimamia na kula kodi yake ni haki ya mume muda wote wa ndoa. Matajiri waliojua waliikwepa kwa kuwawekea mabinti zao wadhamini kabla ya ndoa, mali ikakaa mikononi mwa hao kwa faida ya mke. Sheria zilizokuja kumpa mke mali yake ni za 1870 na 1882, na hiyo ya 1882 ndiyo yenye meno. Na usiseme angeachika, talaka ya kukuruhusu kuoa tena kabla ya 1857 ilihitaji sheria yako peke yako Bungeni, kama ile ya kufungia malisho.

Kwa hivyo Erli alimpa Binti malisho saa tatu, na saa nne akayarudisha mkononi mwake. Yamekuwa ya Binti saa moja tu. Na hajui! Yuwalia kwa furaha!

Nkamwambia shangazi si riwaya tu hiyo jamani. Akasema sawa ni riwaya, lakini mtu aliyejua nani alipa posta ashindwe kujua nani amiliki shamba? Akaongeza kwamba miaka hiyohiyo mwanamke wa Mji wa Kale, kwa sheria ya dini yake, mahari yake ni yake, nyumba yake ni yake, mume hana mkono hapo. Nkaanza kuringa, akanikata palepale. "Usiringe. Sheria kuwepo ni jambo moja, ndugu zako wa kiume kukuachia fungu lako ni jambo jengine, mie nimezipiga chapa hizo kesi." Na fungu lenyewe lajulikana, nusu ya la kaka yako.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa karibu. Karatasi moja zaidi. Binti, ambaye ameandika barua za karatasi sita kubishana juu ya mpaka wa hatua tatu, angesema hapana mpenzi, tia wadhamini, na mmoja wao awe mzee mwenye bata. Hebu fikiri hiyo sura! Ugomvi wao wa mwisho, asubuhi ya harusi, yeye na shela lake na wino kidoleni. Ingekuwa ndiyo sura bora ya kitabu chote kwa sababu ndiye yeye yulee wa mlango wa kanisa. Badala yake mwandishi amemfanya apokee zawadi na kulia, kana kwamba kupendwa kumemsahaulisha kusoma.

Na nikiwa hapo, mbona hakuna mtu aandikaye hii ya kwetu? 1816 hiyo Mombasa yashikwa na Mazrui, Muyaka bin Haji yuko hai yuwatunga mashairi ya kuchokozana ambayo hizo barua za Erli zaonekana za mtoto, na 1824 yuaja Kapteni Owen na meli yake Leven, Mwingereza apandisha bendera hapa miaka miwili kisha aondoka. Leven House si ile yatazama bahari mpaka leo, na Port Reitz imechukua jina la afisa wake mmoja aliyefia huku mwaka huohuo. Mpe huyo afisa mwanamke wa Mvita mwenye nyumba yake na ulimi wake na kesi ya kiwanja, mie ntalipa elfu mbili na kava isiwepo.

Haya, hesabu. Nyota nne kasoro robo. Robo ni ya tamko la heshima na wanakijiji wasio na majina, ile hati nimeisamehe kwa sababu ya mtaro. Kingereza chake si kigumu, maandishi ni madogo mno, msome mchana. Ukipita Mwembe Tayari mwambie kaka mwenye turubai akutafutie kile cha ng'ombe wawili, anacho chengine au hana mie sijui, changu hakipatikani. Nlimpa shangazi wiki iliyopita asome sura ya mtaro tu. Juzi nlipokwenda nkakifungua peji ya mwisho, pale kwenye vimoyo vinne vya kijani, pembeni yake kwa penseli, mwandiko ule wa kikarani ulionyooka, kaandika: "Wadhamini ni nani? Shahidi wa pili hakutia sahihi."